Mlima Meru kwa sisi tunaotoka usawa wa bahari: siku tatu au siku nne?

Mwalimu wa Tanga

Habari zenu nyote, na kwa wakubwa waliomo humu, shikamooni.

Sisi ni walimu kumi na mmoja wa shule moja ya sekondari mkoani Tanga. Mwaka huu tumekubaliana kwamba fedha tulizochangishana kwa ajili ya sherehe ya mwisho wa muhula tutazitumia kwenda kupanda Mlima Meru wakati wa likizo ya Juni, kwa kuwa wengi wetu tumefundisha habari za milima ya volkano ubaoni kwa miaka mingi bila kuukanyaga hata mmoja. Baadhi yetu wanakusudia kupanda Kilimanjaro mwezi Desemba kuelekea Siku ya Uhuru, nao wameambiwa kwamba Meru ni mahali pazuri pa kujipima kwanza. Mdogo wetu ana umri wa miaka 26 na mkubwa wetu ana miaka 57. Afya zetu kwa jumla ni njema, ila hatuna mazoezi zaidi ya kutembea kwenda kazini na, kwa vijana, mpira wa jioni.

Tumeomba makadirio ya gharama kwa mawakala wawili wa safari, na hapo ndipo mgawanyiko wetu ulipoanza. Mmoja ametupa ratiba ya siku tatu. Mwingine ametupa ya siku nne na kutusihi tusikubali pungufu. Tofauti ya bei ni kubwa kwa mshahara wa mwalimu, na wapo wenzetu wanaoona kwamba siku ya nne ni njia ya kutuongezea bili tu. Naomba wenye uzoefu mtusaidie. Je, ile siku ya nne ina kazi gani hasa? Je, mtu wa miaka 57 anayeishi usawa wa bahari anaweza kufika kileleni bila kujihatarisha? Na wale watakaoshindwa njiani hufanyiwaje, maana tunasikia kwamba hakuna ruhusa ya kutembea bila askari mwenye bunduki? Nitashukuru kwa majibu ya kina, kwa sababu mimi ndiye niliyepewa dhamana ya kuandaa safari hii, na sipendi kuwapeleka wenzangu mahali nisipopaelewa.

Mwongozaji wa Momella

Mwalimu, salamu zako tumezipokea, na nimefurahi kwamba umeuliza kabla ya kulipa.

Nianze na hilo mliloambiwa kwamba Meru ni mahali pa kujipima kabla ya Kilimanjaro, kwa sababu ndilo linalowafanya watu wengi waje bila kujiandaa. Ni kweli kwamba Meru ni mfupi kuliko Kilimanjaro: kilele chake kina kimo cha mita 4,560 na ushei, ilhali Uhuru ni mita 5,895. Lakini njia ya Meru ina mwinuko mkali kuliko njia nyingi za Kilimanjaro, siku zake ni chache, na saa za mwisho kabla ya kilele mtu hupita juu ya ukingo mwembamba wa kreta, huku upande mmoja ukiwa na ukuta wa mwamba unaoteremka mamia ya mita hadi chini, na upande wa pili ukiwa na mteremko mrefu wa majivu na kokoto. Anayeupanda Meru kwa heshima yake mwenyewe hufurahi sana. Anayeupanda huku mawazo yake yako Kilimanjaro huchoka kabla hajafika nusu.

Safari huanzia Lango la Momella, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, penye kimo cha takriban mita 1,500. Siku ya kwanza mnakwenda kulala Miriakamba, mita 2,514. Kuna njia mbili za kufika hapo: ile fupi ya kaskazini, inayopanda moja kwa moja, na ile ndefu ya kusini, inayopita msituni kwenye Maporomoko ya Tululusia na kwenye mtini mkubwa ambao mizizi yake imeunda upinde ambao gari linaweza kupita chini yake. Nawashauri mpande kwa ile ndefu na kuiacha fupi kwa ajili ya kushukia. Watu wanaoharakisha kufika kituoni huikosa sehemu nzuri kuliko zote za mlima huu kwa wapenda mazingira, kwa maana kwenye nyanda za chini mtawakuta twiga, nyati, pundamilia na ngiri wakiwa karibu na njia, na mkiingia msituni mtawaona mbega weusi kwa weupe wakiruka kutoka mti hadi mti kati ya mipodo na mitarakwa iliyofunikwa na kuvumwani za kijivu. Hapo mtu hana sababu ya kukimbia.

Siku ya pili ni ya ngazi. Kutoka Miriakamba hadi kituo cha Saddle, mita 3,570, ni mwendo wa saa tatu hadi tano kwa vidato visivyokwisha, na msitu unapungua hatua kwa hatua hadi mnabaki na vichaka. Mkifika mchana mkala na kupumzika, jioni mnapanda Meru Ndogo, mita 3,820, mwendo wa saa moja hivi, kisha mnarudi kulala. Msikubali mtu yeyote awaambie kwamba matembezi hayo ya jioni hayana maana.

Usiku huohuo, saa saba au saa nane, mnaanza safari ya kileleni. Mnapita Rhino Point, kisha Cobra Point iliyo kwenye mita 4,350, kisha ile sehemu ya mwisho ambayo kila kilima mnachokiona mbele mnadhani ndicho kilele, kumbe bado. Kwenye miamba kuna mahali mtalazimika kuweka fimbo pembeni na kushika kwa mikono. Mkienda kwa mwendo wa utulivu mnafika kileleni, ambako panaitwa Kilele cha Ujamaa, jua linapochomoza kiasi cha saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na Kilimanjaro yote inakuwa mbele yenu upande wa mashariki. Chini yenu, ndani ya kreta, mnaona kilima cha majivu ambacho ndicho mlima wa ndani ya mlima. Mara ya mwisho Meru kutoa majivu ilikuwa mwaka 1910.

Sasa kuhusu siku ya nne. Katika ratiba zote mbili, kupanda ni kulekule: usiku mmoja Miriakamba, usiku mmoja Saddle, kisha kilele. Tofauti iko kwenye kushuka. Katika ratiba ya siku tatu, mtu aliyeamka saa saba usiku, akapanda takriban mita 1,000 gizani, anatakiwa siku hiyohiyo ashuke takriban mita 3,000 hadi langoni. Katika ratiba ya siku nne analala Miriakamba na kumalizia kesho yake. Kwa kundi lenu, ambalo halina mazoezi na lina watu wa rika tofauti, siwezi kupendekeza siku tatu.

Kuhusu askari: ni lazima, na si kwa ajili ya kuwapamba wageni. Nyati wa Meru wanapita kwenye njia zilezile mtakazopita ninyi, na tembo wapo pia. Askari wa uhifadhi hutembea mbele, anajua upepo unakotokea na anajua mahali nyati dume aliyejitenga na kundi hupenda kulala. Akisema simameni, simameni na mnyamaze.

Kijana wa Moshono

Naheshimu maneno ya mwongozaji hapo juu, lakini tusimtishe mwalimu. Mimi ni mkazi wa Arusha, na vijana wengi wa huku tunapanda Meru kwa siku tatu na kurudi nyumbani tukiwa wazima, tena Jumatatu tunakwenda kazini. Kushuka ni kushuka. Miguu itauma siku mbili na kupona. Kwa mtumishi wa umma, ada ya usiku mmoja zaidi hifadhini, chakula cha siku moja zaidi na malipo ya wapagazi ya siku moja zaidi si jambo dogo ukilizidisha kwa watu kumi na mmoja. Kama mnaweza kufanya mazoezi ya kutembea umbali mrefu kwa miezi miwili kabla ya safari, hasa kwenye vilima, sioni kwa nini msichague siku tatu. Huko kwenu mna Milima ya Usambara. Nendeni Lushoto mwisho wa wiki mkapande na kushuka mpaka magoti yazoee.

Muuguzi wa Zamu

Nimefanya kazi hospitalini Kanda ya Kaskazini na nimewahudumia watu walioshushwa kutoka milimani, kwa hiyo naomba kuongeza upande ambao bado haujaguswa.

Kijana wa Moshono anasema kweli kuhusu yeye na wenzake, na hapo ndipo penye tofauti. Arusha mjini iko kwenye kimo cha takriban mita 1,400. Mtu anayeishi hapo ameshazoea kwa kiasi fulani hewa ya juu. Walimu hawa wanatoka Tanga, ambako bahari iko mlangoni. Miili yao itaondoka kwenye kimo cha karibu sifuri na kufikishwa juu ya mita 4,500 kwa siku chache, mahali ambapo kila pumzi inaleta oksijeni iliyo chini kidogo ya asilimia 60 ya ile waliyoizoea nyumbani. Wala mazoezi ya viungo hayazuii ugonjwa wa mwinuko. Nimeona vijana wenye miili ya wanamichezo wakilala chini wakitapika, huku mama wa makamo aliyetembea taratibu akinywa chai karibu yao bila tatizo lolote.

Kanuni inayofuatwa na madaktari wa milima ni kwamba ukishapita mita 3,000, kimo cha mahali unapolala kisiongezeke zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja. Kutoka Miriakamba hadi Saddle mnaongeza zaidi ya mita 1,000 kwa mkupuo, na hilo halibadiliki ikiwa ratiba ni ya siku tatu au nne, kama mwongozaji alivyoeleza vizuri. Ndiyo maana namuunga mkono kabisa kuhusu Meru Ndogo: kupanda juu zaidi kisha kurudi kulala chini huusaidia mwili kuanza kujirekebisha. Pia nawasihi msisafiri kutoka Tanga usiku na kuanza kupanda asubuhi yake. Laleni Usa River, ambako ni kiasi cha mita 1,200. Kimo hicho ni kidogo na hakitawazoesha vya kutosha, lakini usingizi kamili kabla ya kuanza ni kinga ambayo watu huidharau.

Dalili za mwanzo ni maumivu ya kichwa, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, uchovu usio wa kawaida na usingizi wa kukatikakatika. Mwenye dalili hizo asipande zaidi mpaka ziishe, na zikizidi ashuke. Hatari kubwa iko kwenye mambo mawili. La kwanza ni ubongo kuvimba: mtu anachanganyikiwa, anajibu ovyo, anatembea kwa kupepesuka kama mlevi. Mwambieni atembee kwenye mstari ulionyooka, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mguu mwingine. Akishindwa, anashushwa hapohapo, hata kama ni saa tisa usiku na hata kama yeye mwenyewe anakataa. La pili ni mapafu kujaa maji: mtu anakosa pumzi hata akiwa ameketi, anakohoa, na midomo inabadilika rangi. Hilo nalo dawa yake ya kwanza ni kushuka. Msisubiri jua lichomoze, msisubiri kundi lirudi kutoka kileleni.

Kuna dawa iitwayo asetazolamaidi ambayo husaidia kuzuia ugonjwa huu ikianza kutumiwa kabla ya kupanda. Inaongeza mkojo na huleta hali ya kuchomachoma vidoleni, na wenye mzio wa dawa za salfa wanahitaji uangalifu wa pekee. Msinunue dukani na kugawana. Kila mmoja aandikiwe na daktari baada ya kupimwa. Vidonge vya usingizi na pombe viacheni nyumbani.

Jambo ambalo sisi Waafrika tunapaswa kulisema wazi zaidi kuliko linavyoandikwa kwenye vipeperushi vya watalii ni selimundu. Mwenye ugonjwa wa selimundu asipande mlima huu. Na yule asiyeumwa lakini amebeba kinasaba kimoja cha selimundu, jambo ambalo kwa watu wa mikoa ya pwani si la ajabu, azungumze na daktari kabla, kwa sababu kwenye kimo kikubwa wengine hupata maumivu makali ya bandama yanayohitaji hospitali. Wengi hawajui hali zao mpaka wapimwe. Mwalimu wa miaka 57 apimwe shinikizo la damu, sukari na moyo. Umri wake peke yake haumzuii.

Mwongozaji wa Momella

Namshukuru sana dada muuguzi, na naomba wote watakaosoma hapa wayarudie maneno yake kuhusu kushuka bila kusubiri.

Kwa Kijana wa Moshono: ndugu yangu, sikukatai. Ila usemi kwamba kushuka ni kushuka tu nauogopa, kwa sababu watu wengi ninaowaona wakiumia mlimani huumia wakiwa wanarudi. Wakati wa kupanda mtu yuko makini na giza linamlazimisha kuangalia anapokanyaga. Wakati wa kurudi jua limewaka, kilele amekipata, maji yamemwishia, magoti yanatetemeka, na ile sehemu ya miamba kati ya Cobra Point na Rhino Point inamtaka awe na akili zilezile alizokuwa nazo alfajiri. Halafu baada ya hapo umwambie bado ana vidato vya kutoka Saddle hadi Miriakamba, na bado ana msitu hadi langoni. Kijana wa Arusha aliyezoea anaweza. Mtu ambaye kwake hii ni mara ya kwanza kukanyaga mlima, simwombei.

Mwalimu, kuhusu vifaa: Juni ni mwanzo wa kipupwe, masika yamekwisha, anga huwa safi zaidi kadiri mwezi unavyokwenda, lakini usiku ni baridi kali na kileleni kipimo hushuka chini ya nyuzi sifuri, pamoja na upepo. Mkija mwanzoni mwa Juni bado mtakuta matope msituni, hivyo wiki mbili za mwisho ni bora. Msinunue vitu vipya vya gharama. Mitumba ya Arusha na Moshi ina makoti mazuri ya baridi na ya mvua, na begi la kulalia linaweza kukodishwa. Kitu kimoja tu kisikodishwe: viatu. Kila mtu awe na viatu vyake vyenye soli ya kushika, alivyovivaa na kutembelea kwa wiki kadhaa kabla. Tochi ya kichwani iwe na betri za akiba, na chupa za maji usiku wa kilele laleni nazo ndani ya begi ili zisigande.

Mkazi wa Usa

Karibuni sana nyumbani kwetu, walimu. Naandika kama mtu aliyezaliwa chini ya mlima huu, na nina mambo machache ambayo huenda mawakala hawatawaambia.

Mkitoka Tanga kupitia Korogwe, Same na Moshi, hamna haja ya kufika Arusha mjini. Usa River iko kwenye barabara kuu kabla ya Arusha, na njia ya kwenda Momella inakatia kulia karibu na hapo. Ukishaingia hifadhini kwa Lango la Ngurdoto, unapita uwanda mdogo wa majani unaoitwa Serengeti Ndogo, ambako mara nyingi nyati na pundamilia hawakosekani, kisha njia inaelekea kwenye maziwa. Lipeni ada mapema kwa kumbukumbu namba ya malipo, na kila mmoja aje na kitambulisho chake cha taifa, maana raia tunalipa kiwango tofauti na cha wageni. Mifuko ya plastiki msije nayo. Ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019 na langoni hawaipokei.

Kuhusu maji, jazeni ya kunywa ya kutosha kabla ya kuingia. Mito na chemchemi nyingi za upande huu wa mlima zina madini ya floridi kwa wingi yatokanayo na miamba ya volkano, na ndiyo sababu mtawakuta ndugu zetu wengi wa Ngarenanyuki wenye meno ya rangi ya kahawia na, kwa waliokunywa tangu utotoni, mifupa yenye matatizo. Kwa mgeni wa siku nne hayatamdhuru, lakini ni vizuri walimu mkajua kwamba mandhari haya mnayokuja kuyafurahia yana gharama ambayo watoto wa hapa wanailipa kila siku wanapoteka ndoo.

Mkubwa wenu wa miaka 57 naona ndiye mwenye hamu, na kama ni mwalimu wa jiografia basi namwomba, afike kileleni au asifike, asiondoke bila kuyatembelea Maziwa ya Momella. Kreta ya Meru haina ukuta wa mashariki. Wanajiolojia wanakadiria kwamba kiasi cha miaka 8,000 iliyopita upande huo wote uliporomoka, na vifusi vyake vikatiririka kuelekea Kilimanjaro. Vile vilima vidogovidogo mnavyoviona kati ya maziwa ni mabaki ya mlima wenyewe, na maziwa yamejikusanya katika mabonde yaliyoachwa kati yake. Mtu akisimama hapo asubuhi, akautazama ule ukuta uliobaki na kisha akatazama chini ya miguu yake, atakuwa ameona somo zima kwa macho. Maji ni ya magadi, hayanyweki, ila heroe wanayapenda, na katika Ziwa Momella Dogo kuna huduma ya kupiga kasia mkiwa na askari. Ngurdoto nako pana kreta nyingine, yenye upana wa kiasi cha kilomita tatu, ambayo mnaitazama kutoka ukingoni tu. Kuteremka ndani hairuhusiwi. Mnakumbuka kwamba hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1960 kwa jina la Ngurdoto, na Meru ukaja kuongezwa mwaka 1967.

Na mkipata nafasi ya kuongea na wazee wa upande wa Ngarenanyuki, waulizeni habari za mwaka 1951, serikali ya kikoloni ilipowaondoa kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 ili ardhi yao wapewe walowezi. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alikwenda hadi New York kuitetea ardhi hiyo mbele ya Umoja wa Mataifa. Watu wengi hupanda mlima huu na kurudi bila kujua kwamba nyasi walizozipita zina habari hiyo, na mimi huona ni hasara kwao.

Mwalimu wa Tanga

Nimewasomea wenzangu majibu yote chumbani kwa walimu, na mjadala wetu umebadilika kabisa. Tulikuwa tunabishana kuhusu bei ya siku moja, kumbe tulipaswa kuulizana nani anakwenda kufanya nini juu ya mlima.

Tumeamua kama ifuatavyo. Tutakwenda kwa siku nne, wiki ya tatu ya Juni, na tutalala Usa River usiku mmoja kabla. Fedha za ziada tutazipata kwa kupunguza chakula cha hoteli siku ya kurudi. Wote tutapimwa kabla ya mwisho wa Aprili, pamoja na kipimo cha selimundu, ambacho katika sisi kumi na mmoja ni wawili tu waliowahi kukifanya. Kila Jumamosi tutatembea, na tayari tumepanga mwisho wa wiki mmoja Lushoto kama alivyoshauri Kijana wa Moshono, kwa maana shauri lake hilo wote tumeliona ni jema.

Mkubwa wetu amesema mwenyewe, bila kushinikizwa na mtu, kwamba yeye na mwenzetu mwingine mwenye pumu watakomea Miriakamba na kwamba haja yake kubwa ni kuiona kreta kwa ndani. Sasa swali langu la mwisho ni la utaratibu. Ikiwa askari anaondoka na kundi kwenda Saddle, hao wawili watabaki na nani kwa siku nzima na usiku wake? Na je, kutoka Miriakamba kuna kitu cha kuona bila kupanda zaidi, au watakuwa wameketi kituoni wakitusubiri?

Mwongozaji wa Momella

Uamuzi mzuri, Mwalimu.

Hao wawili hawatabaki bila mtu, ila jambo hilo lipangwe sasa, si siku mnapofika langoni. Mwambieni wakala wenu aombe askari wa pili kwa ajili yao na aliandike hilo kwenye mkataba, pamoja na mpishi au mpagazi mmoja atakayebaki Miriakamba nao. Ombeni pia awepo mwongozaji msaidizi kwenye kundi la kileleni, ili mtu wa tisa au wa tano akitakiwa kushushwa usiku, wengine wasikwame wala wasilazimike kuchagua kati ya kilele na mwenzao. Hilo nimeliona likiwagombanisha watu waliokuja wakiwa marafiki. Kubalianeni pia, mkiwa bado Tanga, saa ambayo mtageuza hata kama kilele kinaonekana. Mimi huwaambia wageni wangu saa mbili na nusu asubuhi, na yeyote asiyefika kwa saa hiyo anarudi pamoja nami.

Kuhusu kuona, mkubwa wenu hatapungukiwa. Kutoka Miriakamba wanaweza kutembea na askari kuingia kwenye sakafu ya kreta, hadi mahali panapotazamana na kile kilima cha majivu huku ukuta wa Meru ukiwa umesimama juu yao. Ni matembezi ya nusu siku, yasiyo na mwinuko mkali, na wanaokwenda kileleni mara nyingi hawayapati kwa sababu hawana muda. Waanze saa moja asubuhi, kabla ukungu haujajaa ndani ya kreta. Kuanzia saa nne au saa tano mara nyingi huoni tena kitu. Mwenye pumu awe na dawa yake ya kuvuta mfukoni mwake mwenyewe, na nyingine ya akiba apewe askari.